Msimamizi wa kreni: kazi iliyopo kabla ndoano haijapanda

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaosimamia kazi za kunyanyua mizigo, au wanaojiandaa kuzisimamia. Tumeyafupisha.

Nimeendesha kreni miaka mingi, sasa nimepandishwa kuwa msimamizi na nimeambiwa niende kozi. Nitafundishwa nini nisichokijua?

Kreni unaijua. Usichokizoea ni kutazama kazi ukiwa chini. Opereta akiwa kabini anaona mzigo, ndoano na skrini. Haoni mguu wa nyuma wa kreni unaoanza kudidimia, slingi (mkanda au kamba ya kufungia mzigo) iliyokaa kwenye kona kali ya chuma, wala kibarua anayekatiza nyuma ya uzito wa kusawazisha, ule ulio nyuma ya kreni. Hayo ndiyo ya msimamizi.

Kozi inayofaa itakufundisha pia kutenganisha madaraka. Kanuni za Uingereza za vifaa vya kunyanyulia za mwaka 1998 (LOLER) zinataka kila kazi ya kunyanyua ipangwe na mtu mwenye ujuzi, isimamiwe ipasavyo na ifanywe kwa usalama. Kupanga na kusimamia ni mambo mawili hapo, hata kama kwenye kazi ndogo mtu mmoja anayabeba yote. Mpangaji anachagua kreni, anakokotoa uzito, anaandika mpango. Msimamizi anahakikisha kilichopo uwanjani ndicho kilichoandikwa. Mpango ukisema slingi za mita 4 na gari likashusha za mita 2, msimamizi habuni njia. Anasimamisha kazi na kumpigia mpangaji. Waliotoka kwenye uopereta hupata shida hapa kuliko penginepo, kwa sababu mikono yao imezoea kutafuta njia.

Mzigo hauna lebo ya uzito. Fundi anasema "kama tani tatu hivi". Nimwamini?

Usimwamini. Chukua futi kamba, pima, kokotoa. Zege lenye nondo lihesabu tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, chuma tani 7.85, maji tani 1. Boriti ya zege yenye urefu wa mita 6, upana wa mita 0.4 na kimo cha mita 0.6 ina mita za ujazo 1.44, yaani tani 3.6. Kwa hiyo "tani tatu hivi" imeshapunja kilo 600.

Na bado hujamaliza. Kreni inabeba kila kinachoning'inia. Tuseme kapi ya ndoano ina kilo 350, boriti ya kutanulia slingi kilo 400, slingi na shakeli (pingu za chuma za kuungia) kilo 60. Jumla inafika tani 4.41, na hiyo ndiyo namba unayokwenda nayo kwenye chati ya uwezo wa kreni. Kama kuna kiendelezo cha bumu (mkono mrefu wa kreni) kilichokunjwa ubavuni, chati yenyewe itakuambia upunguze uwezo kiasi gani kwa ajili yake.

Hesabu huharibiwa zaidi na vitu visivyoonekana: tope lililobaki ndani ya tangi, maji ndani ya bomba, boliti moja iliyosahaulika kwenye msingi, zege lililoshikana na fomu (kalibu) yake. Mzigo ulioshikwa chini hauna uzito unaoweza kukokotolewa. Kreni ikiuvuta, nguvu inapanda hadi kitu fulani kiachie, na kikiachia ghafla bumu linaruka. Kwa hiyo slingi zikazwe taratibu huku opereta akisoma kipimo. Kikipita uzito wa mpango na mzigo bado umekaa chini, legezeni mkatafute kilichoushika. Ukinyanyuka, usimamishwe sentimita chache kutoka ardhini, watu watulie, msimamizi aangalie breki, mizani ya mzigo na miguu ya kreni. Nusu dakika hiyo ni ndogo, ila ndipo makosa mengi bado yanarekebishika.

Sisi hufanya kazi hadi asilimia 95 ya chati na mashine hailalamiki. Kuna ubaya gani?

Mashine inalalamika kwa kile ilichoambiwa. Opereta akiingiza kwenye kompyuta kwamba miguu imetolewa yote wakati upande mmoja umetoka nusu kwa kubanwa na ukuta, kompyuta inaweza kukaa kimya mpaka kreni ianguke. Hivyo hivyo uzito wa kusawazisha ukiwa pungufu.

Kuna suala la umbali pia. Nusu kipenyo hupimwa kwa mlalo, kuanzia katikati ya mzunguko wa kreni hadi chini ya ndoano. Usipime kutoka kwenye tairi wala bampa. Tuchukue chati ya mfano: tani 6.2 kwa mita 12, tani 5.0 kwa mita 14. Mzigo wetu wa tani 4.41 ukiwa mita 12 unatumia asilimia 71. Ukipima ukakuta ni mita 12.7, husomi katikati ya mistari miwili, unashuka kwenye mstari wa mita 14, na sasa uko asilimia 88. Sentimita 70 zimekula akiba yote hiyo. Isitoshe, bumu likipokea mzigo hupinda, ndoano ikasogea nje, kwa hiyo umbali uliopima bila mzigo si umbali utakaonyanyulia.

Nchini Marekani, kanuni za kusimamisha majengo ya chuma zinauita unyanyuaji "nyeti" pale unapozidi asilimia 75 ya uwezo au unapohitaji kreni zaidi ya moja. Tunapendekeza kikomo hicho kiwe mlango: ukikivuka, kazi hairuhusiwi mpaka mpangaji apitie upya kipimo kwa kipimo na kutia saini. Asilimia 95 kama desturi ya kila siku maana yake hamna nafasi ya kukosea chochote.

Slingi mbili za tani 2 si zinabeba tani 4?

Zinabeba tani 4 zikiwa zimesimama wima, kila moja kwenye ncha yake, kama mikono ya bembea. Zikikutana kwenye ndoano moja zinalala, na kadiri zinavyolala ndivyo zinavyovutana zenyewe kwa zenyewe. Kwa mzigo wa tani 4 na miguu miwili ya slingi, kila mguu hubeba tani 2.3 ukiwa nyuzi 60 kutoka mlalo, tani 2.8 kwa nyuzi 45, na tani 4 kamili kwa nyuzi 30. Slingi ya kijani ya tani 2 imeshazidiwa hata kwa pembe nzuri; chukua ya njano, tani 3. (Rangi hizo ni za viwango vya Ulaya: zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5. Kwingine rangi huweza kumaanisha kingine, kwa hiyo soma lebo. Slingi isiyo na lebo haifanyi kazi, hata iwe mpya.)

Huhitaji kipima pembe. Nyosha mguu mmoja wa slingi juu ya mzigo, kutoka tundu la kwanza la kunyanyulia kuelekea la pili. Ukilifikia sawasawa, pembe ni nyuzi 60. Ukilipita, pembe ni nzuri zaidi. Usipolifikia, uko chini ya nyuzi 60. Na umbali wa matundu ukiwa mara 1.4 ya urefu wa slingi, umefika nyuzi 45: omba slingi ndefu zaidi au boriti ya kutanulia.

Slingi ya miguu minne isikudanganye. Mzigo mgumu usiopinda hukaa kwenye miguu miwili ya pembe zinazokabiliana, mingine ikasaidia kuuweka sawa tu. Panga kana kwamba ni miwili. Kuhusu kitanzi cha kukaba (slingi inayojikaza kuuzunguka mzigo), hesabu asilimia 80 ya uwezo wa wima, au chini zaidi kama lebo inasema hivyo. Shakeli ikivutwa kwa ubavu kwa nyuzi 90 inabaki na nusu ya nguvu yake, na pini yake haibadilishwi na boliti ya dukani.

Ardhi inaonekana ngumu, malori hupita kila siku. Bado niweke mabamba chini ya miguu ya kreni?

Weka. Lori hugawa uzito wake kwenye tairi nyingi. Kreni ikigeuza bumu juu ya kona moja, mguu mmoja unaweza kubeba karibu robo tatu ya uzito wote wa kreni na mzigo. Kreni ya tani 36 na mzigo wa tani 8 ni tani 44; robo tatu yake ni tani 33. Kiatu cha mguu chenye sentimita 60 kwa 60 kinaisukuma ardhi kwa takriban kilopaskali 900, na udongo wa kawaida haustahimili hivyo. Weka bamba gumu la mita 1.5 kwa 1.5 na msukumo unashuka hadi kama kilopaskali 144. Udongo wa mfinyanzi laini unaweza kushindwa hata hapo, ndiyo maana namba ya ardhi itoke kwa mhandisi badala ya kukanyaga kwa buti. Bamba nalo liwe gumu: ubao mwembamba unaojikunja hausambazi kitu, unavunjikia chini ya kiatu.

Uliza kilichozikwa. Mfereji wa maji taka uliofukiwa, tangi la zamani, handaki la nyaya. Karibu na ukingo wa shimo, bamba likae mbali angalau sawa na kina cha shimo, na udongo ukiwa mlegevu mara mbili ya hapo. Mvua ikinyesha usiku, idhini ya jana imekwisha. Mguu ukaguliwe upya asubuhi.

Upepo wa kasi gani tusimamishe?

Kikomo kimo kwenye kitabu cha kreni, na hubadilika kwa urefu wa bumu. Wengi husahau kwamba kikomo hicho huchukulia mzigo wa kawaida, ulioshikamana. Paneli, fomu za zege na mabati ni matanga. Paneli ya mita 3 kwa 4, kwa upepo wa mita 10 kwa sekunde, inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 75. Kwa mita 14, kilo 147. Kwa mita 20, kilo 300. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Kamba ya kuongozea mzigo haishindi hiyo, na aliyeishika huburutwa.

Tarehe 14 Julai 1999, huko Milwaukee, Marekani, kreni kubwa ilianguka ikinyanyua kipande cha paa la uwanja wa besiboli wa Miller Park. Mafundi chuma watatu waliokuwa kwenye kikapu kilichoning'inia kwenye kreni nyingine walikufa. Uchunguzi ulikuta kwamba nguvu ya upepo kwenye kipande chenyewe cha paa haikuwa imezingatiwa.

Pima upepo kwenye ncha ya bumu. Kipimo cha mkononi pale chini, kati ya makontena, kitakupa matumaini tu.

Naweza kutoa ishara mwenyewe huku nasimamia?

Kwa mzigo mwepesi wa kila siku, labda. Vinginevyo hapana: mtoa ishara macho yake yako kwenye mzigo, ya msimamizi yako kwenye vyote vilivyobaki. Opereta apokee ishara kutoka kwa mtu mmoja, isipokuwa "simama", ambayo anaitii kwa yeyote. Mkitumia redio, maneno yaendelee bila kukatika ("teremsha, teremsha, teremsha"), na ukimya wenyewe uwe amri ya kusimama.

Kuna nyaya za umeme jirani. Umbali gani unatosha?

Kanuni za Marekani zinaanza na futi 20, kama mita 6.1, kwa nyaya zisizozidi kilovolti 350, na zinataka uchukulie kuwa zina umeme mpaka mwenye mtandao athibitishe kuwa umezimwa. Fuata sheria ya nchi yako kama ni kali zaidi. Pima kutoka pale bumu, kamba au mzigo unapoweza kufika ukiyumba. Ulivyosimama sasa hivi si kipimo. Jibu bora ni kuzima umeme au kuhamisha kreni. Mtazamaji peke yake, bila mipaka iliyowekwa, huchelewa kupiga kelele.

Wasimamizi wetu wote wamefaulu mtihani wa kuandika. Tunajuaje kama wanaweza kazi?

Karatasi inapima kumbukumbu. Wape unyanyuaji halisi wenye mzigo mdogo na mpango uliokamilika, kisha mkufunzi aharibu kitu kimoja kimyakimya: shakeli yenye pini ya boliti, bamba lililosogezwa nusu nje ya kiatu, kreni iliyoegeshwa mita moja nyuma ya alama, slingi ambayo muda wa ukaguzi wake wa kila miezi 6 umekwisha. Usimwambie kuna nini. Tazama anaanzia wapi kukagua na anachukua muda gani.

Jaribio la pili ni gumu zaidi. Mzigo ukiwa juu ya mita moja, meneja wa mradi (mwombe aigize) aje aseme uwekwe upande wa pili wa ukuta, "ni mita tatu tu". Anayefaa atateremsha mzigo kwanza, halafu ndiyo aanze kuzungumza.