Jibu: Nasafisha matenki ya visima vya gesi Pennsylvania, kimita changu kinatosha?

Ndugu, nimekuelewa: unaingia kwenye matenki ya maji chumvi ya visima vya gesi vya Marcellus (mwamba wa chini ya ardhi wenye gesi), unakwangua tope, na bosi anasema kimita cha mkononi cha kupima mionzi kikinyamaza hakuna shida. Sikubaliani naye.

Tope lile hubeba radiamu-226, metali inayotoa mionzi, ambayo nusu yake huisha baada ya miaka 1,600. Hatari kubwa ni kuvuta au kumeza vumbi lake. Mionzi yake ya alfa huzuiwa hata na karatasi, sembuse chuma, na vimita vingi vya bei rahisi haviioni kabisa. Beji ya kifuani ya kupima mionzi nayo hupima kinachokupiga kutoka nje, si ulichokwisha kuvuta.

Dai sampuli ya tope ipimwe maabara, radiamu-226 na 228. Lilowanishe kabla ya kukwangua. Barakoa ya kitambaa haifai kitu hapo. Nguo za kazi zisifike nyumbani kwa watoto.

Halafu, tenki lenyewe linaweza kukuua kwa kukosa hewa kabla mionzi haijakugusa. Usiingie hewa haijapimwa.

Bosi akigoma, peleka malalamiko OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, uombe jina lako lifichwe. Ukiwa umeshafanya kazi hiyo muda mrefu, muone daktari wa magonjwa ya kazini.