Sumu ya mwaka 1329 na kaburi la baba mdogo

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nimesoma kwamba mtawala wa zamani wa mji wa Verona, Italia, Cangrande della Scala, aligundulika kuwa alikufa kwa sumu baada ya miaka 675. Baba yangu mdogo alifariki ghafla mwaka juzi, povu likimtoka na kucha zimekuwa nyeusi. Mganga mmoja anasema tukimpelekea nywele na udongo wa kaburi ataona sumu na aliyeitia. Kama ya Mwitaliano imeonekana, yetu itashindikanaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na poleni. Povu na kucha nyeusi tuviweke kando: moyo ukifeli huvileta vyote viwili, bila sumu yoyote.

Ninachotaka uangalie ni jinsi Cangrande alivyolazwa kaburini. Alikufa Treviso tarehe 22 Julai 1329, siku nne tu baada ya kuingia mji huo kwa ushindi, akitapika na kuharisha. Watu walisema ni maji ya chemchemi aliyokunywa njiani. Akazikwa Verona ndani ya jeneza la marumaru, udongo haukumgusa, mwili ukajikaukia wenyewe. Lilipofunguliwa Februari 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pisa walikuta ini lipo na kinyesi kipo. Kwenye utumbo wa mwisho kulikuwa na chavua (unga wa maua) ya dijitalisi, ua la zambarau lenye sumu ya moyo, pamoja na ya kamomili, ua la chai ya dawa, na ya forosadi nyeusi. Yaani huenda alinyweshwa kitu kilichofanana na dawa. Ini na kinyesi vilipopimwa vikatoa digoksini na digitoksini, yaani sumu zenyewe za dijitalisi, kwa kiwango cha kudhuru. Ni jamii moja na sumu ya msunguti wanayopaka mishale huku kwetu.

Sasa baba mdogo yuko ardhini, masika mbili zimempitia. Ini huenda halipo tena. Viuatilifu vya shambani, ambavyo ndivyo ninavyokutana navyo zaidi, vingi huvunjika mapema mwili ukioza. Aseniki, sumu ya asili ya madini, hudumu kwenye nywele na kucha, kweli, lakini aseniki imo pia ardhini. Ndiyo maana anayejua kazi huchukua udongo wa juu ya mwili, wa chini yake na wa mbali na kaburi, alinganishe. Na kaburi hufukuliwa kwa amri ya mahakama, si kwa jembe la shemeji usiku.

Kinachonichosha hasa ni hilo la "aliyeitia". Niliwahi kuletewa chupa ya soda imejaa udongo wa kaburi, imefungwa na gazeti, ndani kuna kikaratasi chenye jina la mjane. Mganga alishalipwa, jina lilishatoka, mimi natakiwa nigonge muhuri tu. Nikauliza marehemu alikuwa anatumia dawa gani. Presha, wakasema, ila aliziacha miezi mitatu nyuma. Hakuna aliyeona kwamba hilo lina uzito wowote.

Hata kwa Cangrande, vipimo vyote vile havikutoa jina. Mtoto wa kaka yake, Mastino, aliyerithi utawala pamoja na nduguye Alberto, alimnyonga mmoja wa matabibu wa marehemu. Yule tabibu huenda alitumwa, huenda alikosea dozi, huenda alinyamazishwa. Walionufaika na kifo ndio waliokuwa hai kuchagua nani anyongwe. Huku kwetu kitanzi hicho humwangukia mjane, au bibi mwenye macho mekundu ambaye kosa lake ni moshi wa kuni wa miaka arobaini. Anayekutajia jina kwa kunusa udongo anauza ugomvi, tena kwa bei ya mbuzi.

Kwa baba mdogo, anzeni na makaratasi yake ya hospitali. Mkibaki na shaka, nendeni polisi mkafungue jalada. Wao ndio watakaoomba amri na kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu.

Na wengine mnaosoma, kifo kikiwatia shaka, semeni kabla mwili haujachomwa dawa ya kuuhifadhi mochwari, kwa sababu ile dawa huvuruga vipimo. Daktari achukue damu ya mguuni, si ya moyoni tu, maana digoksini hupanda kwenye damu ya moyo baada ya kifo na kudanganya. Achukue mkojo, maji ya jicho, kipande cha ini na kilichomo tumboni. Matapishi msiyafagie. Kikombe alichonywea mara ya mwisho msikioshe.