Picha ya wachezaji baleti: mwaka wa kupigwa na mwaka wa kuchapwa

Barua nyingi safari hii zinazunguka picha moja: wanafunzi wa School of American Ballet, New York, waliopigwa picha na mpiga picha Alfred Eisenstaedt mwaka 1936, mabinti waliovaa sketi za shashi. Tumechagua tano.

*Muuzaji wa mtandaoni anayo, imesainiwa kwa wino ukingoni, na anashikilia kuwa ni "ya 1936". Nitajuaje kabla sijatoa pesa? (Nairobi)*

1936 ni mwaka wa kubonyeza kamera. Wewe unanunua karatasi, na karatasi ina umri wake. Katika biashara hii chapa (yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi) huhesabiwa ya enzi yake ikiwa ilichapwa karibu na wakati wa kupigwa, kwa kawaida ndani ya miaka mitano hivi. Zilizobaki, hata zikitoka kwenye negativu ileile, ni chapa za baadaye, na bei yake huwa chini sana.

Saini safi ukingoni yenyewe inatutia shaka. Chapa za magazeti za miaka ya 1930 zilikuwa vitendea kazi: nyuma utakuta mihuri, penseli ya mhariri, pengine kikaratasi cha maelezo kilichobandikwa. Chapa zilizosainiwa na kupewa namba kwa ajili ya wakusanyaji ni za miaka mingi baadaye. Eisenstaedt alifariki 1995, kwa hiyo chapa iliyotengenezwa baada ya hapo haiwezi kuwa na saini ya mkono wake.

Tazama jina pia. Wengi huiuza kama picha ya wachezaji wa baadaye wa American Ballet Theatre. Kampuni hiyo ilipanda jukwaani mara ya kwanza Januari 1940, na shule waliyosoma mabinti hawa ilianzishwa 1934 na George Balanchine na Lincoln Kirstein. Jina hilo haliifanyi picha kuwa bandia. Lakini likiwa limepigwa taipu nyuma ya chapa inayodaiwa kuwa ya 1936, pana walakini.

Ukiishika mkononi, anza na lenzi ya kukuza mara 10. Vitone vilivyojipanga kwa mistari ni bango la kiwandani, na hilo ndilo linalouzwa mara nyingi kuliko yote. Vitone vidogo vya rangi vilivyotawanyika ni wino wa printa. Chapa ya fedha na jelatini, yaani picha ya chumba cha giza ambayo fedha yake imo ndani ya tabaka la jelatini, haina vitone kabisa: weusi unayeyuka polepole kuingia kijivu, na utaona chembechembe za filamu tu, maana Eisenstaedt alitumia kamera ya Leica yenye filamu ya milimita 35.

Kisha papasa nyuma. Mgongo laini kama plastiki ni karatasi iliyopakwa plastiki, iliyoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hapo madai ya 1936 yamekwisha. Mwisho, zima taa na umulike ukingo na mgongo kwa taa ya urujuanimno, ile wenye maduka wanayokagulia noti bandia. Karatasi nyingi za picha zilianza kutiwa viangaza, dawa ya kung'arisha weupe, katika miaka ya 1950. Iking'aa buluu-nyeupe kwa nguvu, si ya 1936. Isipong'aa, hujathibitisha kitu, maana karatasi nyingi za baadaye nazo hazikutiwa dawa hiyo.

*Yangu imeandikwa 14/250. Je, 3/250 ina thamani zaidi? (Dar es Salaam)*

La. Yako ni chapa ya 14 kati ya 250, na namba ndogo haimaanishi ilichapwa mapema wala vizuri zaidi. Cha kuuliza ni kama picha hiyohiyo ina toleo jingine la ukubwa tofauti. Chapa 250 za sentimita 28 kwa 35, na nyingine 250 za sentimita 40 kwa 50, ni chapa 500 sokoni, haidhuru yako inasema nini. Ongeza na nakala za msanii ambazo hazimo kwenye hesabu.

*Hati ya uhalisi inatosha? (Kampala)*

Hati ina uzito wa aliyeitia saini tu. Risiti ya zamani ya jumba la sanaa, au namba ya bidhaa kwenye katalogi ya mnada, tunaithamini kuliko hati tano zenye mihuri ya dhahabu.

*Shikamooni. Nyumba yetu iko karibu na bahari. Naweza kuitundika sebuleni? (Mombasa)*

Marahaba. Unaweza, ila adui wako ni unyevu kabla ya jua. Picha hupenda unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Ukipita 65 kwa muda mrefu, kuvu huota kwenye jelatini, maana jelatini ni chakula chake. Jelatini iliyolowa unyevu pia hulainika, na ikigusa kioo hunata. Ukiibandua, sura ya mchezaji inabaki kwenye kioo. Kwa hiyo weka fremu ya kadibodi ya pamba isiyo na asidi katikati, picha na kioo viachane angalau milimita 3.

Ishikilie kwa pembe za karatasi, au kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Selotepu marufuku. Chagua ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua, na ubandike vipande vya koki nyuma ya fremu hewa ipite. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho: unyevu unapanda na kushuka, karatasi inavimba na kunywea, jelatini inapasuka. Kipima unyevu kidogo kando ya fremu kitakuambia ukweli ndani ya wiki moja.

*Sehemu nyeusi zina mng'ao wa buluu kama mafuta juu ya maji. Nifute kwa spiriti? (Muscat)*

Usiguse. Ni fedha iliyopanda juu ya jelatini kwa sababu ya hewa chafu, kadibodi yenye asidi au unyevu, na huonekana sana kwenye chapa za zamani. Wanunuzi wazoefu huifurahia kama dalili ya umri. Spiriti na pamba vitaondoa mng'ao pamoja na picha. Manjano yaliyotapakaa ni jambo jingine: mara nyingi ni dawa ya kukazia picha ambayo haikusuuzwa vya kutosha chumba cha giza, na hiyo ni kazi ya mhifadhi wa picha. Kwa sasa itoe kwenye kadibodi ya zamani kama haijagundishwa, na uiweke ndani ya bahasha ya poliesta, kamwe si ya plastiki ya PVC.