Sintra kwa kigari cha umeme: hesabu milima, usihesabu kilomita

Tulipotoka mjini, kijiskrini cha mbele ya usukani kilisoma 61, yaani kilomita 61 kabla betri haijaisha. Tukapanda mlima kilomita tano tu, nikatupa jicho: 49. Baba Zawadi, aliyeketi nyuma yangu bila kazi nyingine ila kuichungulia namba hiyo juu ya bega langu, akasema, "Mama Zawadi, kitu hiki kinakula kama matatu mbovu."

Hakikuwa kibovu. Sisi ndio tulikuwa tumepanga safari vibaya, na naandika haya ili wewe usiipange hivyo hivyo.

Sintra ni mji mdogo wa Ureno, dakika 40 kwa treni kutoka kituo cha Rossio, Lisbon. Mji umekaa begani mwa safu ya milima iliyo karibu na bahari ya Atlantiki, na makasri ya wafalme na matajiri yametawanyika juu, chini na ng'ambo ya milima hiyo. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995. Kwenye picha kila kitu kinaonekana jirani. Ukifika ndipo unapogundua kwamba kati ya jengo na jengo kuna kona, msitu, na mwinuko unaokumaliza pumzi. Mimi ni mtu wa Mombasa, kwetu mlima ni ule wa kushukia kivuko cha Likoni. Baba Zawadi ni Mtaita, amezoea kona za Mwatate kwenda Wundanyi, kwa hiyo alikuja na majivuno yake.

Tukakodi Renault Twizy. Ukiiona utacheka. Ni nyembamba, mita moja na robo kwa upana, na viti viwili vinafuatana kama vya pikipiki. Abiria hukaa nyuma na miguu yake hupita kushoto na kulia kwa kiti cha dereva, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Vioo vya madirishani hakuna. Redio hakuna, kipozahewa hakuna. Usukani hauna msaada wa umeme, na breki inataka ikanyagwe ikanyagike. Renault waliacha kuitengeneza mwaka 2023, kwa hiyo huenda ukapewa aina nyingine, kama Citroën Ami ambayo watu wawili hukaa bega kwa bega na mwendo wake hauzidi kilomita 45 kwa saa. Ninayoyasema kuhusu milima yanazihusu zote.

Jambo moja lilinifurahisha. Sisi tunaendesha kushoto, Wareno wanaendesha kulia, na nilikuwa nimelala na hofu hiyo usiku kucha. Lakini ndani ya Twizy dereva anakaa katikati kabisa, kwa hiyo mwili hauna upande wa kuzoea. Nilichanganyikiwa mara mbili tu siku nzima, na zote mbili ni pale nilipotoka kwenye barabara tupu isiyo na gari la kufuata. Baada ya hapo tukakubaliana kwamba kila nikianza kuondoka, aliye nyuma apaze sauti, "Kulia!" Usione haya kufanya hivyo. Ndiyo kazi ya makanga.

Kabla hujatia sahihi, uliza maswali mawili. Betri imejaa, au imejaa-jaa tu? Na nikiishiwa njiani, nani anakuja na kwa gharama ya nani? Leseni yangu ya Kenya nilikuwa nimeiongezea kile kibali cha kimataifa kinachotolewa na AA, chama cha wenye magari, na aliyetuhudumia alikiomba kabla hata ya pasipoti. Dipoziti wanaizuia kwenye kadi ya mkopo. Kadi ya kawaida ya benki waliikataa, tukaokolewa na shemeji yangu aliyetufuata kutoka Lisbon. Piga video ya kigari pande zote, na magurudumu pia, kwa sababu barabara za mji ule wa kale ni za mawe ya kupanga na kingo zake hukwaruza. Na usiwaze kukikodi Lisbon uje nacho. Magari ya aina hii hayaruhusiwi kwenye zile barabara kuu za mwendo kasi. Njoo kwa treni, kodi Sintra kwenyewe.

Sasa, kosa letu la kwanza. Tulikodi kwa ajili ya kupanda Pena, lile kasri la manjano na jekundu lililo kileleni, alilolijenga Ferdinand wa Pili, mume wa Malkia Maria wa Pili, katika karne ya 19 juu ya magofu ya nyumba ya watawa iliyoharibiwa na tetemeko la mwaka 1755. Tulifika chini ya kipando, tukakuta kizuizi. Askari akatuonyesha kwa kidole tugeuze. Magari ya wageni hayapiti, mabasi na tuktuk ndiyo yanayopita. Ndiyo, tuktuk. Nimetoka Mombasa na kupanda ndege usiku kucha, nikapitwa na tuktuk.

Kwa hiyo Pena nenda kwa basi namba 434 linalotoka stesheni, siku nyingine, asubuhi na mapema, na tiketi ya kuingia ndani uwe umeinunua kabla maana ina saa yake. Basi hilo hilo linakupitisha kwenye ngome ya Wamori, ambayo Waislamu waliijenga na ikaangukia mikononi mwa Mfalme Afonso Henriques mwaka 1147. Ukiwa umekulia karibu na Fort Jesus, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593 wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698, utasimama juu ya kuta zile ukitabasamu kidogo. Kila mtu na ngome yake aliyoipoteza.

Quinta da Regaleira, jumba la tajiri na bustani yake, yenye kile kisima cha ngazi za kuzunguka chenye kina cha mita 27, ni ya kwenda kwa miguu kutoka mjini. Kasri la katikati ya mji, lenye mabomba mawili ya moshi wa jikoni kama pia za kuchezea zilizogeuzwa, yenye urefu wa mita 33 kila moja, pia ni miguu. Kigari kimetengenezewa yale yaliyobaki, ya mbali na mji: kasri la Monserrate na bustani yake, nyumba ya watawa ya Capuchos, rasi ya Cabo da Roca, vijiji vya ufukweni. Huko hakuna msongamano, na ukifika unakiegesha kwenye upenyo ambao gari la kawaida lingeukodolea macho tu.

Turudi kwenye ile namba. Betri ya Twizy inabeba kilowati-saa 6.1, yaani uniti sita na ushei, zile zile uniti tunazonunua kwa tokeni nyumbani. Kigari pamoja na sisi wawili tulipita kilo 600. Kuuinua uzito huo mita 300 kwenda juu kunataka nusu uniti, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa njia. Kwenye barabara tambarare nusu uniti ingekupeleka kilomita tano au zaidi. Ndiyo maana kilomita za mlimani zinakatika mara mbili, mara moja za njia na mara moja za kimo. Kijiskrini hakijui kwamba mbele kuna mlima. Kinakadiria kwa jinsi ulivyoendesha muda uliopita, basi.

Ukishuka unarudishiwa sehemu ya deni. Ukiinua mguu, mota inageuka jenereta na kuirudishia betri chaji, na unaisikia ikikivuta kigari nyuma kama mtu ameshika shati lako. Hairudishi yote, lakini inarudisha. Na hapa kuna siri ambayo hatukuambiwa: betri iliyojaa pomoni haina pa kuiweka chaji hiyo. Ukianza siku kwa kushuka, unaitupa bure na kuzichosha breki. Anza kwa kupanda.

Kwenye kupanda kwenyewe, kigari hakizimiki wala hakina klachi ya kuungua, ila kile chetu ukiachia breki kwenye mwinuko kilikuwa kinarudi nyuma papo hapo. Nyuma yetu kulikuwa na basi. Nilichojifunza ni hiki: vuta breki ya mkono, kanyaga mafuta (nami bado nasema mafuta, umeme wenyewe utanisamehe) mpaka usikie kinataka kwenda, ndipo uachie.

Tukapanda hadi Capuchos. Kama utapata nafasi ya sehemu moja tu kwa kigari, chagua hapa. Ni nyumba ya watawa ya mwaka 1560, aliyeianzisha ni mtoto wa João de Castro, yule aliyewatawalia Wareno Bara Hindi. Imebanwa katikati ya majabali, na milango na dari za vyumba zimefunikwa magome ya mti, yale yanayotengenezwa vizibo vya chupa, ili kuzuia baridi. Vyumba vya kulala ni vidogo hata mtu mzima hanyooshi miguu, na milango ni mifupi makusudi uingie umeinama. Baba Zawadi akaona kibao kimeandikwa "Igreja". Akanigeukia: "Gereza?" Nikamwambia kwao ni kanisa. Wataalamu wa lugha wanasema neno letu gereza lilitoka hapo. Akachungulia tena kile chumba, akasema kwamba basi hakuna aliyekosea.

Tukiwa mle ndani ukungu ukashuka. Milima ya Sintra inaukamata unyevu wa bahari, kwa hiyo Lisbon inaweza kuwa na jua la kuanikia nguo na huku Sintra miti inadondosha maji. Tulipotoka tulikuta viti vimelowa chapa. Niliyoiona siku hiyo kuwa ya maana kuliko ramani ni leso yangu, yaani kanga. Nusu moja ilipangusa viti, nusu nyingine niliifunga magotini njia nzima, kwani hewa inaingia kwa pembeni bila hodi. Leso nayo ni neno lao, *lenço*. Nililirudisha kwao likafanye kazi. Wewe beba leso au beba koti la mvua, lakini beba.

Kushuka kwenda Cabo da Roca ilikuwa raha tupu. Namba ilipanda kutoka 40 hadi 43 bila mimi kufanya lolote, na nyuma kukasikika makofi. Rasi hiyo ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, majabali ya mita 140 hivi yanayokatika wima juu ya bahari. Upepo wake si wa mchezo. Kigari chepesi unakisikia kinasukumwa kando, shika usukani kwa mikono miwili na uegeshe mbali na ukingo. Hatukukaa. Tukaenda Azenhas do Mar, kijiji cheupe kilichoning'inia kwenye jabali, tukala samaki wa kuchoma na kusahau saa, na kusahau namba.

Hapo ndipo kosa la pili, lile kubwa. Ukiangalia ramani, kutoka ufukweni hadi Sintra unaona kilomita kama kumi, na kijiskrini kinakwambia 20, unaona ziada ipo. Unasahau kwamba bahari ni sifuri na mji uko mita 200 juu yake. Kurudi ni kupanda, njia yoyote utakayopita. Tena tulipotea kidogo, tena nilikuwa nakanyaga kwa pupa, maana muda wa kurudisha ulikuwa unakaribia na saa ya ziada inalipiwa. Tulipofika kijiji cha Colares, njiani kurudi Sintra, kilisoma 8. Mbele yetu kilomita kama saba, karibu zote za kupanda, na Monserrate ambayo ndiyo niliyoitamani tangu nyumbani iko humo humo njiani. Nikajua siioni.

Waya wa kuchajia upo, umeviringishwa puani mwa kigari chini ya kifuniko, na plagi yake ni ya kawaida ya nyumbani. Mwenye mkahawa alikuwa radhi kabisa. Lakini kujaza kunachukua saa tatu na nusu, na nusu saa ingetupa kilomita chache tu.

Siku hizi nashauri uifikie Colares ukiwa na 20 au zaidi, na saa za kukodi ziwe sita badala ya nne. Siku ile sikuwa na wa kunishauri. Baba Zawadi, mwenye kilo 94 alizozikiri mwenyewe, akashuka, akafungua mshipi wa suruali tundu moja, akasema, "Mama Zawadi, wewe nenda. Mimi napanda basi."

Nikapanda peke yangu kwa mwendo wa mkokoteni, mguu mwepesi, nikiwapisha wote walionipigia honi, kati ya kuta zenye kuvu la kijani na miti iliyofunga juu kama paa. Geti la Monserrate nikalipita nikilitazama. Namba ikashuka hadi 2, kisha ikabaki vistari vitupu.

Nilipoingia uwanjani kurudisha kigari, alikuwa ameshafika. Ameketi kwenye ukingo wa ukuta na mfuko wa karatasi mapajani, ndani yake travesseiro mbili, maandazi yale ya unga wa matabaka yenye lozi na mayai ambayo jina lake maana yake ni mto wa kulalia. Moja alikuwa amekwisha kuila nusu.