Usianze na ubao

Siku ya kwanza ya kuwafundisha wanangu nyumbani nilikuwa na ubao, chaki za rangi, ratiba ya vipindi vinane niliyoibandika ukutani, na kengele. Ndiyo, kengele. Binti yangu alikuwa na miaka 6, mdogo wake 4. Kufikia Jumatano binti yuko chini ya meza hataki kutoka, mdogo wake kaificha kengele, nami nimejifungia jikoni nalia.

Nilichokosea ni kuhamishia sebuleni mambo ya darasa la watoto arobaini. Shuleni muda mwingi unaliwa na kuita majina, kugawa madaftari na kumsubiri wa mwisho amalize. Nyumbani hayo hayapo. Kwa umri wa wanangu, dakika 10 hadi 15 za kusoma zilitosha, kisha mapumziko, kisha nyingine kama hizo za hesabu. Mwanzoni niliona kama nawapunja. Sikuwapunja.

Kabla hujanunua hata penseli, kuna jambo la kuchosha ambalo halikwepeki: sheria. Ujerumani kwa kawaida hairuhusu mtoto kusomeshwa nyumbani badala ya shule. Ufaransa, tangu 2022, mzazi lazima aombe kibali. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake. Kwa hiyo usitegemee maneno ya jirani. Nenda ofisi ya elimu ya unakoishi, uliza, omba jibu kwa maandishi, kisha litunze.

Tukija kwenye kusoma, hapa Kiswahili kimetupendelea mno. Irabu ni tano na hazibadiliki: "a" ya baba ndiyo hiyo hiyo ya taa. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanza na majina ya herufi. Mtoto aliyekariri kwamba b inaitwa "be", ukimwekea b na a pamoja, anakusomea "bea", na ukweli hajakosea, wewe ndiye uliyemwambia hivyo. Anza na silabi. Mimi nilikata boksi kuukuu vipande vidogo, nikaandika ka, la, ma, ta, vipande viwiliviwili, nikavimwaga sakafuni bila kusema kitu.

Binti alipanga lala. Akapanga kama. Akapanga kata, akacheka. Kisha akaweka ka, la, ma, akasoma kwa kidole, akakunja uso. "Siyo kalama. Ni kalamu." Akapekua vipande vyote, akavigeuza, akanitazama: "Mama, mu iko wapi? Tengeneza mu." Hakuna ratiba ya ukutani ingenipa hilo. Tangu siku hiyo silabi mpya zilikuwa zinaombwa, mimi kazi yangu ikawa kukata boksi.

Silabi ngumu kama mba, nda, nya ziache kwanza. Ngoma na ng'ombe peke yake zilitumalizia wiki nzima, na nilijuta kuziingiza mapema.

Mdogo hakuwa tayari kushika penseli, na nilikuwa nikimlazimisha mpaka nikasoma habari za Maria Montessori, daktari aliyefungua shule yake ya watoto wadogo, aliyoiita Nyumba ya Watoto, huko Roma mwaka 1907. Yeye alikuwa anakata herufi za karatasi ya msasa ili mtoto azipapase kwa kidole kabla ya kuandika. Nami nikanunua msasa laini, nikakata, nikabandika kwenye boksi. Anafumba macho, anapapasa, anakisia. Ugomvi wa penseli ukaisha.

Hesabu tulifanya kwa vifuniko vya chupa. Siku moja mdogo anahesabu kwa sauti: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, kumi na kumi! Nilishafungua mdomo nimsahihishe, nikasita. Hebu fikiria: ishirini tumeiazima kutoka Kiarabu, na ndani yake husikii kumi hata moja. Mantiki ya mtoto ilikuwa safi kuliko lugha yenyewe. Nikamwambia apange vifuniko mistari miwili ya kumi kumi, tukavihesabu tena, ndipo nikamwambia, "Kumi na kumi zina jina lake, zinaitwa ishirini." Akaridhika. Mpaka leo akiona ishirini anaona mistari miwili.

Watu watakuuliza sana habari za marafiki wa watoto. Ni swali la haki, ila jibu lake si gumu: tafuta familia mbili tatu zenye watoto, kutaneni siku maalumu kila wiki, na msiifute siku hiyo ovyo.

Weka daftari la kumbukumbu, mistari miwili kila jioni: tumefanya nini, nani kakwama wapi. Ofisi wakikuuliza, unalo. Na wewe mwenyewe utakapoamini kwamba mwezi mzima hamjafanya chochote, lifungue.

Siku mbaya zitakuja. Mmoja ana mafua, mwingine ananuna, wewe hujalala. Siku kama hizo silazimishi silabi wala vifuniko. Tunapanda kitandani wote watatu, ninasoma hadithi mpaka sauti inakauka, na jioni kwenye daftari naandika neno moja tu: hadithi.