Kwa nini watu huficha wagonjwa? Maswali yenu kuhusu milipuko ya jana na leo

Maswali mengi yanayotufikia kuhusu magonjwa ya mlipuko yana dhana moja ndani yake: kwamba wazee wetu walikuwa wasikivu na sisi tumeharibika, au kwamba wao walikuwa wajinga na sisi tumeerevuka. Tumechagua sita.

Zamani watu waliwatii wataalamu. Mitandao ndiyo iliyoleta ubishi huu wote, au nakosea? (Msomaji, Moshi)

Unakosea, ingawa hauko peke yako. Kipindupindu kilipofika Liverpool, Uingereza, mwaka 1832, watu waliizingira hospitali na kuwashambulia waliokuwa wakibeba wagonjwa. Hapakuwa na simu wala redio. Maneno ya mitaani yalikuwa kwamba madaktari wanawamaliza wagonjwa ili wapate maiti za kupasua wanapofundisha. Uvumi huo ulikuwa na pa kushika: miaka minne tu kabla yake, huko Edinburgh, wanaume wawili, Burke na Hare, waliua watu 16 na kuuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia. Mwaka 1885 makumi ya maelfu waliandamana Leicester kupinga sheria ya kuwalazimisha wazazi kuwachanja watoto ndui.

Mitandao imebadilisha mwendo tu. Uvumi wa Liverpool ulitembea kwa miguu. Wa leo unafika Kigoma kabla gari la wizara halijawashwa.

Mtu anajua kabisa ugonjwa unaambukiza. Kwa nini basi amfiche mgonjwa, au azike usiku? (Msomaji, Bukoba)

Mara nyingi haukani ugonjwa. Anakimbia kitakachomfuata akitoa taarifa.

Pune, India, mwaka 1897: tauni imeingia, askari wanapita nyumba kwa nyumba, wanakagua wanawake miili, wanachoma vitu vya watu na kuwabeba wagonjwa hadi kambini. Watu wakaanza kuwaficha wagonjwa. Tarehe 22 Juni, msimamizi wa kazi hiyo, Walter Charles Rand, alipigwa risasi, na jeraha hilo likamuua siku chache baadaye. Sheria ya magonjwa ya mlipuko iliyotungwa mwaka huohuo ilikuwa bado hai wakati wa korona. India iliitumia tena Machi 2020, na mwezi uliofuata ikaongeza adhabu kwa wanaowashambulia wahudumu wa afya.

Sasa njoo Liberia, Agosti 2014. Ebola imezidi, serikali inaamuru maiti za Monrovia zichomwe. Kwa upande wa virusi, hilo halina ubishi: moto unaviua. Lakini Liberia ina siku yake kila Machi ambapo familia huenda kusafisha na kupamba makaburi ya ndugu zao, na aliyechomwa hana kaburi la kupamba. Watu wakaanza kuficha vifo na kuzika kimyakimya, huku maiti ya Ebola ikiwa miongoni mwa vitu vinavyoambukiza zaidi. Mwishoni mwa Desemba lilifunguliwa eneo la makaburi la Disco Hill, nje ya mji, na uchomaji ukaachwa.

Mazishi salama na ya heshima, kama yanavyofanywa sasa, yalizaliwa na makosa hayo. Timu haifiki ikiwa imeshavaa mavazi ya kinga. Inafika na nguo za kawaida, inasalimia, inatoa pole, inaomba familia iteue msemaji, inaeleza kila hatua, halafu inavaa mbele ya watu. Maiti haioshwi, inatiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na mfuko unanyunyiziwa klorini ya asilimia 0.5. Marehemu akiwa Mwislamu, anaweza kutayamamishwa (kutoharishwa kwa udongo safi badala ya maji) na kuvishwa sanda na timu iliyovaa kinga. Familia inachagua mahali pa kaburi, inachimba, inaswali au kuomba, inatupia udongo.

Klorini nayo ina mambo yake. Kwa unga wa asilimia 70, gramu 7 katika lita 1 ya maji hutoa ile ya 0.5 ya kusafishia vitu. Ya kunawia mikono ni 0.05, yaani sehemu 1 ya hiyo kali kwa sehemu 9 za maji. Wakikuchanganyia ndoo, uliza ipi ni ipi. Dawa ya jana hupungua nguvu, kwa hiyo huchanganywa upya kila siku na kuwekwa kivulini, na damu au matope huila kabla haijafanya kazi. Harufu yake pia imezua balaa. Katika misitu ya Guinea mwaka 2014, unyunyiziaji ulidhaniwa ndio unaomwaga ugonjwa, na Septemba mwaka huo watu wanane waliokwenda kuelimisha kijiji cha Womey waliuawa. Anayefika na bomba mgongoni kabla hajafika na maneno anajitafutia taabu.

Huku kwetu walisema Ebola ni siasa. Huo si ujinga? (Msomaji, Goma)

Hebu tupange tarehe. Mlipuko ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi ikasema Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wenzao, na sababu zilizotajwa ni Ebola na usalama. Makanisa yaliendelea kujaa, masoko yaliendelea kufunguliwa, ila sanduku la kura ndilo lililoonekana hatari. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Tarehe 30 wakazi walijipangia uchaguzi wao wenyewe, na waliopanga foleni walinawa mikono kabla ya kupiga kura.

Watu wanaonawa mikono kwenye foleni hawajakataa kwamba virusi vipo. Waliona ugonjwa umetumiwa, na gharama ililipwa na wahudumu. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo akiwa kazini. Kufikia Juni 2020 mlipuko ulipotangazwa kwisha, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Kilichosaidia kidogo kutuliza nyoyo ni vyumba vya plastiki angavu vilivyoanza kutumika Beni: ndugu anasimama nje, anamwona mgonjwa wake anakula na anaongea naye, na maneno ya kuibiwa viungo yanakosa pa kukaa.

Siku 14, 21, 40, 42 za kutenga watu au kungoja mlipuko uishe: nani anazipanga? (Msomaji, Nairobi)

Ya 40 ni ya Venice, nayo ndiyo iliyozaa neno karantini. Dubrovnik walitangulia mwaka 1377 na siku 30. Hizo hazikuwa na kipimo nyuma yake. Za sasa hufuata muda ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini: Ebola haipiti siku 21, korona ya mwanzo 14. Ya 42 ni 21 mara mbili, kwa ajili ya kutangaza kuwa mlipuko umekwisha. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5, kwa hiyo anayefungia kijiji mwezi mzima kwa kipindupindu anaongeza njaa tu.

Wakati wa mafua makali ya mwaka 1918, kufunga shule na kuvaa barakoa kulisaidia? (Msomaji, Mombasa)

Kufunga, ndiyo, kukifanyika mapema. Huko Marekani, Philadelphia iliruhusu gwaride la vita tarehe 28 Septemba, watu kama 200,000 wakajipanga barabarani. Siku chache baadaye hospitali zilijaa. St. Louis ilifunga shule, makanisa na kumbi siku mbili tu baada ya wagonjwa wa kwanza kujulikana mjini, na vifo vyake vikawa vichache zaidi kwa idadi ya watu. Walipolegeza Novemba, wagonjwa walipanda tena.

Barakoa za San Francisco zilikuwa za shashi, nyepesi, na wengi walizishusha kidevuni. Faini ilianzia dola 5. Kilichowachefua watu ni kwamba Novemba meya wao, James Rolph, na mkuu wa afya mwenyewe walikutwa kwenye pambano la ndondi bila barakoa, wakatozwa faini. Amri iliporudishwa Januari 1919, raia waliunda chama cha kuipinga. Msomaji wa Moshi naye alisome hili.

Nyungu na Kikombe cha Babu: sisi ndio tunaopenda miujiza kuliko wengine? (Msomaji, Tanga)

Hata kidogo. Mwaka 1918 Wamarekani walitembea na vifuko vya kafuri shingoni, na madaktari wenyewe waliandika aspirini gramu 8 hadi 31 kwa siku. Leo mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4. Baadhi ya waliohesabiwa kufa kwa mafua huenda waliuawa na dawa.

Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, hufungua pua, basi. Mvuke unaoweza kuua virusi ungekuunguza koo kwanza, na ajali zake nyingi hutokana na sufuria kupinduka chini ya blanketi, kwa hiyo usimfunike mtoto. Loliondo, Tanzania, mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu aliyeitwa Babu kilikuwa shilingi 500, bei ya chini kuliko nauli ya kwenda kliniki kwa wengi. Madhara hayakutoka kikombeni. Yalitoka kwa walioacha ARV wakiamini wamepona, na kwa wagonjwa mahututi waliotolewa wodini na kufia njiani.

Ukitaka dawa ya jikoni inayofanya kazi kweli, ni ya kuharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo onja kwanza: isizidi chumvi ya machozi. Mpe mgonjwa kidogokidogo huku mkielekea kituo cha afya.