Jasho linamwagika, mkojo haupo

Kaka, umeuliza mbona ukisukuma mkokoteni Marikiti kaskazi hii unakojoa mara moja tu tangu asubuhi, tena mkojo wa manjano iliyokoza. Figo zako hazijalala, zinatii amri.

Jasho likitoka, maji ya damu hupungua na chumvi yake hukolea. Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna seli zinazoonja ukolezi huo kila wakati. Ukipanda hata kwa asilimia 1 au 2 zinaamsha kiu, na tezi ya pituitari iliyo chini yake inamwaga homoni ya kuzuia mkojo. Figo zikiipata zinarudisha maji kwenye damu, kibofu kinabakiwa na kidogo, kikali. Ukinywa, damu inazimuka, homoni inapungua, unakwenda msalani. Yaani matokeo yenyewe ndiyo yanayozima amri, kama boya la tangi la maji: maji yakijaa linapanda na kufunga bomba.

Ila boya halileti maji mferejini! Na kwa unyevu huu wetu wa Mombasa jasho linachuruzika bila kukauka, na lisilokauka halipozi, kwa hiyo mwili unazidi kutoa jingine ili ushikilie nyuzi 37 zake. Anza kunywa alfajiri, kidogo kidogo. Dafu ni zuri, lakini sodiamu yake, yaani chumvi, ni chache, usilitegemee peke yake. Ukishikwa na kizunguzungu, ukaanza kuchanganyikiwa na ngozi inachoma, hapo si kiu tena: kivulini, umwagiwe maji, upelekwe hospitali.